Udongo Ule Haukuwa wa Kula

Chumba cha sita, nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 12, mwezi wa saba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Na mkaza mjomba je, hajambo? Kikohozi chake kimepoa? Mwambie nilimwota juzi akinisuka nywele, nikaamka nimejishika kichwa.

Sisi huku wazima. Mwanangu Chiriku anaongea kutwa kucha, siku hizi anahesabu mpaka tano, halafu anarudi mbili. Baba yake anakusalimu, yuko kazini kwenye ulinzi wake. Mama mkwe bado tuko naye, na humu ndani habari kubwa ni yake, ila nitaifikia.

Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu, lakini haya hayaenei kwenye simu. Tena uliwahi kuniambia barua unaiweka mfukoni, ukikumbuka nyumbani unaitoa. Basi hii isome umekaa, maana utacheka.

Mjomba, asante. Nimeanza na asante kabla sijaeleza, kwa sababu najua nikianza kueleza nitasahau. Kifurushi chako kilifika salama. Nilipokifungua nikaona kitu cha kijivu, laini, kama sabuni iliyolala majini. Nikakinusa, nikasema Mjomba kanitumia nini tena? Ndipo nikaona karatasi yako: udongo wa kusafishia rangi ya gari. Hiyo karatasi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Osha gari kwanza. Nyunyiza maji ya sabuni. Sugua taratibu bila kukandamiza. Kata vipande viwili, kimoja weka akiba. Na chini kabisa ukapiga mistari miwili: KIKIANGUKA, TUPA.

Siku hiyo nilikuwa nachelewa kazini. Mama mkwe akaniuliza mlangoni, "Nini hicho, mwanangu?" Nikamjibu huku navaa viatu, "Udongo, mama. Mjomba kanitumia udongo." Akapiga makofi, akasema, "Mungu mkubwa!" Nikaona jinsi anavyoifurahia kazi yangu, machozi yakanilenga.

Tangu siku hiyo, Mjomba, nikiinua ndoo ananinyang'anya. Nikiinama kufagia, ananiita nije nikae. Usiku nikakuta mto wake kwenye kitanda changu. Nilijua ananipenda, lakini mto wake?

Sasa ya kazini. Nilikuwa sijakwambia, sikutaka uhangaike, lakini mwezi uliopita tajiri mwenye gereji alinunua mashine ya kuoshea magari. Inapiga maji kwa nguvu, kazi yangu ya asubuhi nzima inaimaliza kwa robo saa. Akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akasema mwisho wa mwezi huu hatakuwa tena na kazi ya kunipa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili, nikaenda chooni nikalia. Kazi hii ndiyo inayomweka Chiriku chekechea.

Ndipo Jumanne akaja mkunga mmoja na gari lake jeupe. Huwa analiegesha jirani na wachomelea vyuma, na cheche zao zimelijaza vidoa vya kutu, vidogo kama mbegu za nyanya. Mashine ikapiga maji, vidoa viko palepale. Fundi rangi akasema dawa ni moja tu, kupiga msasa na kupaka rangi upya. Yule mama wa watu uso ukamshuka.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Tajiri, nina udongo wa kutoa vidoa hivyo. Niache nijaribu."

Fundi rangi alicheka mpaka akashika ukuta. "Udongo! Sisi tunautoa udongo kwenye magari, Mama Chiriku anaurudisha!" Karakana nzima wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini tajiri akatazama saa. Akasema, "Mwenye gari atarudi saa kumi. Anza."

Nikalisogeza gari kivulini. Nikavaa mfuko wa nailoni mkononi nikapapasa boneti kama ulivyonielekeza, na kweli, vidole vilisikia chenga ambazo macho hayakuziona. Nikanyunyiza, nikasugua. Mwanzo udongo unakwama na kunguruma kidogo kama paka, halafu unaanza kuteleza, na ukiteleza ujue pamesafika. Nilipoufunua ulikuwa na madoa ya kahawia. Ile kutu, Mjomba! Imetoka kwenye gari, iko kwangu! Nikaukunja, nikaukanda upande safi, nikaendelea. Fundi rangi akaja akapapasa, akarudi kwenye rangi zake. Nilijua hapo nimempata.

Umebaki mlango mmoja wa nyuma. Mikono imejaa sabuni, udongo ukaniponyoka. Pu! Kwenye sakafu ya gereji, Mjomba, unaijua ilivyo, mchanga na unga wa chuma.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna aliyegeuka. Nikauokota. Kwa juu ulionekana safi tu, na saa nane ilikuwa imeshapita. Shetani akaniambia mlango ni mmoja, nani atajua. Lakini nikaiona ile mistari yako miwili kama umesimama nyuma yangu na rula. Nikautupa kwenye pipa. Nikaenda kwa tajiri, nikamwambia umeanguka, nikiutumia utakwaruza rangi, naomba niende nyumbani nikalete kipande cha akiba. Akasema, "Nenda." Hakunitazama hata usoni.

Nilikimbia kanga mkononi. Kufika, kopo nilimokiweka kile kipande liko tupu. Nikajua ni kazi ya Chiriku. Nikamuuliza, akaniambia, "Bibi kaficha."

"Mama," nikamwambia, "ule udongo wangu uko wapi?"

"Nimeuweka," akasema. "Ule mwingine umeshaumaliza? Siku tano? Utaziba tumbo, mwanangu! Kula kidogo kidogo, mwonee huruma mtoto."

"Mtoto gani, mama?"

Akanionyesha tumbo langu kwa kidevu.

Ndoo, ufagio, mto, vyote vikanijia kwa mpigo. Mama mkwe alidhani ni ule udongo wa wajawazito! Nikamwambia, "Mama, sina mimba, ule ni udongo wa kusafishia gari!" Akalitazama tena tumbo langu. Halafu akasema polepole, "Ndiyo maana. Nilionja kidogo nikatema. Nikasema labda siku hizi wanautia marashi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, na Chiriku akacheka bila kujua tunacheka nini. Akaufungua mkoba wake wa nguo za kutokea, akautoa umefungwa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Hauna hata vumbi, ila alama ndogo ya jino pembeni. Ningeutunza mimi usingekuwa safi vile.

Nilimaliza mlango nikapaka nta, na saa kumi kasorobo gari linang'aa mpaka wingu linaonekana ndani yake. Mkunga alipapasa mlango, akapapasa tena, akasema, "Kama shavu la mtoto wa leo." Huyo anayajua mashavu.

Alipoondoka, tajiri akanijia. Akasema, "Niliuona ulipoanguka. Nilikuwa nauona kwenye kioo cha lile gari. Nikasubiri nione utaufanya nini." Basi. Akaniambia kuanzia mwezi ujao pembe ile ya kivulini ni yangu, magari yote ya vidoa na ya kupaka nta yaje kwangu. Na hiyo karatasi ya Mjomba niliyokuwa nimemsimulia, akasema, iletwe ibandikwe ukutani. Nimemnakilia. Yako siitoi.

Kwa hiyo Mjomba, ulidhani umetuma kipande cha udongo. Umetuma chekechea. Nimekuombea kila usiku tangu Jumanne, na Chiriku anaitikia amina kabla sijamaliza.

Nisalimie mkaza mjomba, wale mapacha wenu, na yule jirani yenu fundi cherehani aliyekufungia kifurushi. Mungu akupe mikono isiyochoka na goti lisilouma, na kila unachokigusa kitelezee upande wa heri.

Mpwa wako akupendaye sana,
Mama Chiriku

Nimesahau: ukituma udongo mwingine, andika juu kwa herufi kubwa WA GARI. Na ule mto nilimrudishia mama mkwe siku ileile. Usiku nikaukuta tena kitandani kwangu. Anasema ukae tu hapohapo, hautaoza.