Diski Yenye Kibandiko cha Kijani

Msambweni, Kwale
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Maimuna,

Shikamoo. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai huko Muscat mmeamka salama, wewe, shemeji na binti yenu Hasina, bibi harusi wetu, na kwamba lile goti lako limepata nafuu tangu uanze kulikanda. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua hakuna, jua ni kali, lakini kisima hakijakauka. Mimi mwili hauna neno. Ni uso tu ndio sina pa kuuweka.

Barua hii anakuletea Abubakar, anayerudi kazini huko Jumatano. Nilitaka kukueleza kwa simu. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za joto.

Kwanza ahsante kwa zile diski za filamu, zote za HD, ulizoniletea kwa ajili ya projekta niliyopewa na hoteli ya Galu walipobadilisha vyombo. Unanijua nikipata kitu. Chumba cha mbele nilikipaka rangi ya kijivu, mapazia nikatundika mawili mawili, spika nikaziweka mpaka nyuma ya makochi, mke wangu Twaiba akawa hana pa kupokelea wageni wake. Mtaa mzima ulijua kwamba Abdurahman ana sinema nyumbani, maana niliwaambia mwenyewe.

Sasa kosa langu. Uliniambia waziwazi kwamba yenye kibandiko cha kijani ni ya siku ya kupamba ya Hasina, ni ya Twaiba na wanawake wa huku waliokosa kufika, na mwanamume yeyote asiitazame. Nikaitika. Lakini kibandiko kikikaa upande mmoja, diski huyumba ikizunguka na picha hukatika. Kwa hivyo Alhamisi moja nilibandua vibandiko vyote kwa mafuta ya nazi, nikazifuta diski, na ile ya kijani nikaiweka kando mezani nikijua nitaikumbuka. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikaenda kuswali. Niliporudi sikujua tena kando ilikuwa ni upande upi. Ningeweza kuijaribu, kazi ya dakika moja. Nilijiamini, nikachukua moja nikaitia kwenye bahasha ya kumpa Twaiba baadaye. Kumbe ilikuwa filamu ya samaki wa baharini.

Zilizobaki nikazipanga kwa ubora. Nina kipimo changu: naangalia mwanzo tu. Cheusi kiwe cheusi, kisiwe kijivu. Majani yaonekane moja moja. Sura za watu zisiwe kama zimepakwa nta. Moja ilifunguka kwa mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, asumini, na dhahabu iliyolazwa juu ya mto wa mahameli mweusi. Dada, ule weusi wa mahameli! Nikadhani ni filamu ya wafalme. Sikungoja zaidi, nikaiandika namba moja.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya swala na chakula, niliwaita watu watatu: Ami Ramadhani, jirani yetu Matano, na Mwalimu Japheth wa Kinango aliyepanga hapa karibu. Nikafunga mapazia, nikasimama mbele yao kama mwenye jumba la sinema, nikawaambia wasijali hadithi, watazame picha. Baada ya ule mto kikaja chumba kimejaa wanawake waliovua mabuibui, vichwa wazi, wanacheza. Nami, Mungu anisamehe, bado nasifu. Niliwaambia wahesabu nywele. Macho yangu yalikuwa kwenye pembe za ukuta, napima weusi. Matano ndiye aliyeinamisha kichwa wa kwanza. Ndipo nikakuona wewe, dada, unaingia katikati na leso kiunoni, na Hasina nyuma yako kwenye kiti chake.

Nikakimbilia rimoti. Badala ya kuzima nikabonyeza kusimamisha. Ukabaki pale, ukuta mzima, mikono juu, unacheka. Ami Ramadhani aligeukia mlango, akasema polepole, "Zima, mwanangu. Hao ni watoto wetu." Nikang'oa waya ukutani.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ami aliwapa mkono mmoja mmoja, wakaahidi kwamba waliyoyaona yameishia pale. Mwalimu Japheth, ambaye si wa dini yetu, alitangulia kutoa wake. Wakaondoka, kahawa imebaki vikombeni.

Kisha nikaongeza uovu juu ya uzembe. Twaiba alipouliza diski ya Hasina, nikamwambia hukuileta, labda ulisahau. Wewe ulipouliza kama wanawake wameiona, nikakwambia wameiona na wamefurahi. Zaidi ya wiki tatu, dada. Wewe ulingoja pongezi zisizokuja, na yeye akaona umewatupa, akaacha kukutumia salamu. Nilijua sababu, nikanyamaza, nikala wali wangu. Juzi ulipolia kwenye simu ukiuliza Hasina amewakosea nini watu wa kwao, nilikujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jana nilimweleza Twaiba yote. Hakupaza sauti. Aliomba diski, akaomba ufunguo wa chumba cha mbele, akaenda kuwaita wanawake.

Nakuandikia nikiwa barazani, nimeupa mlango mgongo. Nasikia vigelegele vyao vikichanganyika na vyenu, na shangazi Mwanarusi analia kwa furaha akimtaja Hasina. Leo utapigiwa simu nyingi. Ufunguo sitaudai.

Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Mwezi Mtukufu unakaribia, nami nataka radhi yako na ya Hasina kabla sijafunga hata siku moja. Kama aambiwe au asiambiwe, nakuachia wewe mama yake. Ukiona aambiwe, nitamwandikia mwenyewe.

Nisalimie shemeji na Hasina. Shangazi Mwanarusi na Matano wanakusalimu. Ami Ramadhani naye anakusalimu sana, na ameniamuru niandike kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri.

Mungu aistiri nyumba yako kuliko mimi nilivyoweza kuistiri.

Mdogo wako anayekupenda na kukuonea haya,
Abdurahman

Nilikuwa nafunga bahasha, Twaiba amechungulia mlangoni. Anauliza picha inasimamishwa vipi, wanataka kukutazama vizuri. Nimemwelekeza bila kugeuka.