Kasereka Mwenye Mulinificha

Baba Masika,

Jambo kutoka Kampala. Muko aje pale Butembo? Mumbere wetu anakula muzuri, ao angali analia mama?

Masika iko. Badokta balimutosha figo ya kushoto pamoja na ile kansa. Sasa banamupa dawa, nywele yote ilianguka. Anaomba bukari na sombe ya kwetu, lakini akikula anatapika.

Mbele ya opération, dokta aliniuliza kama mu familia kuko mutoto mwingine alivimbaka tumbo hivi. Nikajibu hapana, kwa roho safi. Nikamuambia kosa ni yangu, nilipulizia viazi dawa kule Masereka na mimba yake. Akasema hapana mutu anaweza kuhakikisha ni ile dawa. Mara mingi habajue sababu. Mara kidogo sana, inapita mu damu ya familia.

Kisha shangazi yako wa hapa akatuletea uji. Nikamuelezea vile ilianza: tumbo ngumu upande moja, mukojo na damu. Akaweka kikombe chini. "Ni sawa ya Kasereka. Kakule hakukuambia?"

Baba Masika, mimi pia ni Munande, najua majina yetu inafuata vile batoto banazaliwa. Wewe ni Kakule, mwanaume wa ine. Kaka zako ni Mumbere na Kambale. Wa tatu, Kasereka, nilikuuliza mbele unioe, ukasema malaria ilimubeba. Kumbe ni tumbo, na mama yako alikataza batu kumutaja, juu batu bangekatala kuoza mabinti kwenu.

Hiyo ningesamehe. Lakini siku mama yako alinisimamisha kanisani niombe musamaha juu ya dawa ya viazi, wewe ulikuwa ku banc ya mbele. Ulijua. Ukaangalia viatu yako. Ulinitupa, na sijue nitarudia aje mu nyumba yako.

Dokta anasema Mumbere wetu afanyiwe ekografi sasa, ile mashini ya kuangalia ndani ya tumbo, na irudiliwe mara kwa mara. Ikikutwa mapema, kuponesha ni rahisi zaidi. Umupeleke kesho, hata mama yako akatale.

Salimia mama yako, Masika anamuulizia. Salimia kaka zako bawili. Na kule ku ekografi, bakikuuliza kama mu familia kuko mutoto alikufa na tumbo, utaje Kasereka. Utaje kwa sauti, vile mimi nilitaja viazi kanisani.

Mimi,
Mama Masika