Karatasi Yetu Haikupokelewa

Jumatano, jioni. Mvua ya mawe ilipita saa tisa ikatuachia baridi ya kutetemesha meno. Nimekaa jikoni na koti la kwenda mjini ambalo bado sijalivua. Nina aibu, na sitaki kuzungukazunguka.

Leo nimewadanganya majirani zangu wote kwa neno moja.

Nianze mwanzo. Kwa sheria, wabunge, magavana na madiwani hawajipangii mshahara wao wenyewe. Iko tume inayoupitia kila baada ya miaka kadhaa. Inatoa mapendekezo, inasikiliza wananchi, halafu viwango vinachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Vikishachapishwa, basi, kelele zetu tunabaki nazo. Safari hii pendekezo lilikuwa waongezwe. Sisi wa Kericho tulipangiwa kikao mjini leo, na maoni ya kuandikwa yalitakiwa yawe mezani kabla ya saa kumi na moja.

Sasa, Jumatano ndiyo siku ya lori kuchukua chai kituoni kwetu, huku nyuma ya Kapsoit. Majani ya chai hayamsubiri mtu. Ukiyachuma leo usiyapime leo, kesho yameungulia kwenye gunia. Aliyechagua siku hiyo hajawahi kubeba kikapu mgongoni, hilo naweza kuapa. Kwa hiyo tulikubaliana tuandike karatasi moja, kila mkulima atie sahihi, na mimi katibu wa kamati ya kituo niipeleke kwa niaba ya wote.

Niliizungusha wiki iliyopita watu wakiwa kwenye foleni ya mizani. Jirani yangu Tapsabei, ambaye sote humwita Kogo, yaani nyanya, ni mjane anayechuma mpaka leo ijapokuwa mgongo umekataa kunyooka. Yeye ndiye aliyenipa maneno yaliyobeba karatasi yote.

"Andika hivi, mama," aliniambia. "Mimi nikigonjeka sichumi, na nisipochuma silipwi. Hao waheshimiwa wakigonjeka, nani anawakata? Na uweke jina yangu hapo, wasiseme ni maneno ya upepo."

Hajawahi kuiandikia serikali chochote maishani mwake. Alinitaka nimsomee maneno yake mara mbili, na mara ya pili akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayeonja uji na kuukubali.

Tangazo lilisema waziwazi: jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Nililisoma kwa macho yangu. Lakini nilipokaa kupiga mistari, mkono ulikwenda kule ulikozoea. Nikachora jina, namba ya mkulima, sahihi, kama ninavyochora kila orodha ya kituo miaka yote hii. Na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu huku kwetu namba ya mkulima ndiyo mtu mwenyewe. Ukimwamsha mtu usingizini ataitaja bila kukosea. Kitambulisho kinalala sandukuni chini ya cheti cha ubatizo, na hutoka siku ya kupiga kura.

Mjini nilijiandikisha kuzungumza, zamu yangu haikufika. Nusu ya asubuhi ililiwa na waliokuja kumsifu mheshimiwa wao, nusu nyingine na waliokuja kumtukana. Mwisho mwenyekiti akasema muda umekwisha, waliobaki wawasilishe kwa maandishi. Nilifurahi hata, mjinga mimi. Maandishi si ninayo?

Karani aliyekuwa mezani aliigeuza karatasi huku na huku.

"Madam, hizi ni namba za nini?"

Nikamweleza. Hakunidharau, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa sababu nilikosa wa kumkasirikia.

"Naelewa, hata kwetu ni majani," alisema. "Lakini bila ID siwezi kuingiza. Hapa mwenye naweza kuandika ni wewe peke yako. Jaribu kuzitafuta, niko hapa mpaka saa kumi na moja."

Nikasimama barazani nikaanza kupiga simu. Watu wako shambani, simu ziko nyumbani zinachajiwa. Nilipata namba za vitambulisho za wakulima kumi na mmoja kabla ya mawe kuanza kupiga mabati na mtandao kupotea kabisa. Kogo hana simu. Ningeweza kuiwasilisha na hao kumi na mmoja, lakini niliona kama nawachagua wengine na kuwatupa wengine. Nikasita, nikapiga tena, nikasita. Niliporudi ndani saa kumi na moja ilikuwa imepita, meza imekunjwa na karani ameondoka.

Jina langu liko kwenye daftari la mahudhurio. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, watu wa kituo chetu walihudhuria.

Najiambia hata ingepokelewa isingebadilisha kitu. Labda ni kweli. Bonasi yetu ya chai pia hutangazwa tu, tunaisikia kama tunavyosikia hali ya hewa. Lakini najua kwa nini nayashikilia mawazo hayo leo. Nayatumia kama blanketi.

Nilifika kituoni karibu saa kumi na mbili. Lori lilikuwa limechelewa kwa sababu ya tope na wote walikuwa bado pale, wamelowa, magunia miguuni. Waliponiona wakasogea karibu. Mtu akauliza, "Imefika?"

"Imefika," nikasema.

Walipiga makofi. Wamenyeshewa hivyo, wakapiga makofi. Kogo alinishika mkono kwa mikono yake miwili iliyopasuka vidole, akasema, "Kongoi, kongoi," asante ambayo sikuistahili. Halafu akauliza, "Sasa watatujibu na barua ama na redio?"

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo nilikuwa nao.

"Labda redio, Kogo."

Ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu mtandaoni ni wachache, na hakuna wa kituoni kati yenu, ndiyo maana naweza kuandika. Asubuhi, kabla sijashika jembe, nitavuka ua nimwambie yeye kwanza. Wengine nitawaambia kwenye mizani, siku ya lori ijayo. Nimeshaandika, sasa sina pa kujificha. Ila najijua. Je, nikimkuta anatabasamu?

Saa moja imefika. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua tu, na kila jioni nyimbo za dini zikiisha huizima redio ili kuokoa betri.

Leo hajaizima. Taarifa ya habari imeanza, naye ameongeza sauti.