Mrija wa Shangazi Sabina

Kaneza mjukuu wangu,

Huku Kanyosha tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Mahindi yake yamekomaa, naye anayasifu kama watoto.

Unauliza kwa nini niliacha logisiyeli, zile programu za kompyuta, wakati biashara ilikuwa imeshika, nikaanza kutengeneza vichujio vya maji, tena nikavigawa bure.

Nilikuwa kijana, nimealikwa kwenye sherehe ya mahari ya rafiki. Tulizunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Kwenye ncha ya mrija wangu kulikuwa na kikapu kidogo cha kusuka. Nikadhani ni pambo tu, nikakichomoa. Nilipovuta, mdomo ukajaa machicha.

Shangazi Sabina, aliyesuka vikapu vya mirija ile, alicheka hadi machozi. "We mutoto, apana! Umetoa chujio!"

Nikakiinua kile kikapu juani. Mwanga ulipita kwenye vitundu vyake, na sauti za watu zikawa mbali. Nikaota vitundu vidogo zaidi, visivyoonekana kwa jicho, maji ya ziwa yakipita humo na ugonjwa ukibaki nje. Ndoto hiyo ilinichukua miaka mingi, mengine tuyaache.

Siku ile nilimuuliza Shangazi anauza mrija bei gani. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Mutu amekuja kunywa na wenzake, utamuuzisha mrija?"

Nakutumia ule wangu, na kikapu chake. Kiinue kikapu juani kwanza, halafu uniulize tena.

Babu yako