Mikaratusi ya Shemeji pale Chemchemi

Wakesho, mjukuu wangu na mke mwenzangu, jua la Voi halijakumaliza?

Huku Werugha ukungu umelala bondeni. Nawasikia akina mama wakiimba na siwaoni. Mwalimu ananiandikia, mimi nasema tu. Wanapanda mikuyu pale chemchemi, maji yasipotee kabisa. Lakini mikaratusi ya dada yangu Mghoi ndiyo inayoyamaliza, na kwa kuwa ilipandwa na marehemu mumewe, kila mtu aliogopa kumwambia. Basi nikamwambia mimi: "Mghoi, shemeji alikuwa mtu mwema, lakini miti yake inakunywa kama yeye!"

Mghoi akacheka, kisha akalia, kisha akasema, "Leteni shoka kabla sijabadili nia." Pigo la kwanza akapiga mwenyewe.

Mti ulipoanguka tulikula kimanga cha mihogo na maharagwe tumeukalia, ukungu ukitupita magotini kama maziwa. Mghoi hakula. Aliweka kiganja kwenye gome, nami nikaweka changu juu ya chake, tukakaa hivyo mpaka aliponiambia, "Haya, nipe mche."

Ule ushibe, mama, na Mungu akukumbatie kwa niaba yangu.

Nyanya yako