Sikukuuliza Mara ya Pili

Kaka Makame,

Amani ya Mungu ikushukie hapo Matemwe tulipokuzika. Kiti chako hapa ofisini Vuga hakijakaliwa na mtu. Hatukukatazwa, ila kila mmoja anakizunguka tu. Kibodi yako ina chembe za bajia bado. Sijaipangusa.

Wiki iliyopita tulihamisha kazi zetu zote kutoka seva ya zamani kwenda mpya, kwa ile programu uliyonifundisha kuiandika, ya kunakili ripo, yale maghala yanayotunza programu zetu na kila badiliko tulilowahi kulifanya. Mkuu wetu alitaka niyaache yale majaribio uliyonizoesha, ya kuiharibia programu kazi makusudi.

"Asha, inanakili vizuri. Sasa wewe unataka ishindwe?"

Nikamjibu kama ulivyokuwa ukinijibu mimi: "Nataka nijue ikishindwa itasema nini."

Nikang'oa waya wa mtandao katikati ya kunakili. Programu ikasema imeshindwa, ikafuta kipande ilichokwisha kuchukua. Vizuri. Kisha nikaijaza diski mpaka pomoni, nikanakili tena. Hapo, Kaka, ilichukua nusu ikaandika: "Kunakili kumekamilika." Na seva ya zamani ilikuwa ifutwe kesho yake, na kazi zako zote zimo mle.

Nimerekebisha. Sasa inasema wazi kwamba diski imejaa, kunakili kumeshindwa, usifute ya zamani. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye mstari ulioandika wewe. Nilicheka, nikataka kukugeukia nikutanie. Ndipo nikatoka nje, nikakaa barazani, nikalia.

Maana wiki tatu nzima kabla hujatutoka ulikuwa ukipanda ngazi za ofisi na kusimama katikati, mkono ukutani.

"Kaka, hujambo?"

"Sijambo, mdogo wangu."

"Na kifua?"

"Alhamdulillahi, salama."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu huanza na salama hata kama nyumbani kwake kuna msiba. Lakini aliye ndugu hungoja kidogo, akauliza tena, na hapo ndipo huja ile "ila". Mimi sikungoja. Nilirudi kwenye meza yangu. Kompyuta sikuiamini hata siku moja, na wewe nilikuamini kwa neno moja.

Sijui kama ungeniambia. Pengine ungesema tu, "We Asha, ushakuwa daktari?" Lakini ningekuwa nimeuliza.

Jumamosi nnakwenda kwa mama yako. Kwenye simu kila siku ananiambia hajambo, kisha ananiuliza mimi nimekula nini. Nitakaa naye, nimsaidie kuanika mwani, na sitaondoka mpaka aniambie na yale asiyoyasema. Akitaka kulia, alie nikiwepo. Hilo nakuahidi, Kaka.

Pumzika sasa. Mungu akupanulie kaburi lako.

Mdogo wako,
Asha