Igizo Linakuja Bisibo

Ngara,
9 Agosti 1999

Dada yangu Theodosia,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama hadi kuku wako mwekundu uliyemwacha hapa, ambaye sasa ana vifaranga na haruhusu mtu kukatiza uani. Je, mko wazima huko Bisibo? Kifua cha shemeji Desderius kimepoa? Watoto wanakwenda shule? Sisi Mungu ametujalia. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likichomoza hasemi tena, anachukua jembe. Matiasi hajambo, nitakueleza habari zake mbele.

Barua yako ilinifikia Alhamisi kwa mkono wa kondakta. Umeniuliza kuhusu wiki ya ngoma na maigizo inayokuja wilayani kwenu: inaanza lini, inapita wapi, na kipi mtu asikose. Umemuuliza mtu anayejua, maana mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti wiki hiyo ilipokuwa kwetu. Nilizunguka vijiji na barabara ya kambini nikitangaza hadi sauti ikakauka. Parokia ndiyo iliyoiandaa, wenyeji na wakimbizi watazamane wakicheza badala ya kutazamana kwa mashaka.

Jumatatu ijayo wanafungua Biharamulo mjini, uwanja ulio karibu na boma la Wajerumani. Usikose wapiga ngoma wa Kirundi. Wanaingia wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga, na mzee anayewaongoza anaruka juu kama mtoto. Utasikia mlio tumboni kabla ya kuusikia masikioni. Jumatano ni mashindano ya kwaya. Kaa usikilize kinamama wa Rulenge. Hawana kinanda, lakini sauti ya nne yao ikishuka unajikuta umeinamisha kichwa. Alhamisi wanahamia Nyakanazi, pale malori yanapolala, kuna vijana wa sarakasi kutoka kambini. Ni wazuri, ila vumbi la pale utalila, tena wapo wachekeshaji fulani ambao sikushauri upoteze nauli kwa ajili yao. Vichekesho vyao ni kuvaa magauni tu.

Jumamosi ni igizo. Hilo nataka nikueleze kwa urefu, maana huko mlikosikia habari mlisikia za mbali, na za mbali huwa zimekwishaoshwa.

Unakumbuka mwaka jana wakati wa masika, ng'ombe wa Ernesta alipopotea. Ernesta mjane, ng'ombe mmoja. Modestus, mdogo wa mume wako, akiwa mwenyekiti wa kitongoji na kiongozi wa walinzi wa jadi, alisimama mkutanoni akasema amemwona kwa macho yake ndugu yetu Matiasi akimswaga ng'ombe yule kwenda kambini kuuzwa nyama. Hakuna aliyeuliza alimwonea wapi. Walimfunga Matiasi kwenye mti wa shule ninayofundisha. Modestus aliwaambia kwamba mwizi huadhibiwa mahali anapojivunia, kwa hiyo wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe, wakauponda kwa rungu. Wewe ulimwona hospitalini amefungwa bandeji, ukalia, ukarudi kwako. Mimi nilibaki. Nilimlisha. Nilimwona akijaribu kushika kipigio cha ngoma, kikamponyoka, akajifanya anakitafuta chini ili nisimwone uso. Yule aliyekuwa akipiga ngoma ya misa hadi padre anasahau kukohoa, leo vidole viwili havikunjiki.

Nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyemeza jiwe. Nikikutana na Modestus njiani alinisalimia kwa heshima, akaulizia mgonjwa. Nilimwitikia. Kila nilipomwitikia nilijiambia kwamba siku yake ipo.

Siku yake aliileta mwanamke anayeitwa Niragira. Ni mkimbizi kutoka Burundi, ndiye mkuu wa kundi la maigizo la kambini, wale wanaocheza habari za ukimwi na maji ya kuchemsha. Kihangaza chetu na Kirundi chake ni ndugu, tukazoeana upesi. Siku moja alikuja shuleni kuomba uwanja, Modestus akapita na ile kofia yake ya kijani, akakohoa kile kikohozi chake cha mara mbili. Niragira alinishika mkono. Aliniuliza yule ni nani. Nilipomwambia, alisema yule ndiye aliyeleta nyama sokoni kambini alfajiri, wakati wa masika, akiwa na haraka ya kuimaliza, na kwamba yeye mwenyewe alinunua maini.

Nilimwambia twende ofisini sasa hivi. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto wa darasa la kwanza. Alisema: "Mwalimu, mimi ni mkimbizi. Nikilisema ofisini, watauliza kwanza kibali changu cha kutoka kambini. Nikilisema jukwaani, watasema ni mchezo tu, na watasikiliza hadi mwisho."

Basi tukalitengeneza. Mimi nilimpa maneno ya mkutano ule, neno kwa neno, maana sijasahau hata moja. Yeye akayapa miguu. Hatukutaja jina la mtu. Niliizunguka wilaya na kipaza sauti nikiwahimiza watu wasikose igizo la Jumamosi, nikasimama mlangoni kwa Modestus mwenyewe nikamwambia mgeni wa mbele hatoki kwingine, ni yeye. Alifurahi, dada. Alimwambia mkewe Febronia ampigie pasi shati.

Uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda miti. Niragira mwenyewe ndiye aliyecheza mwenyekiti. Aliingia na kofia ya kijani na koti kubwa, akasimama, akakohoa mara mbili. Watoto ndio walioanza: "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Watu wakacheka wakashikana mabega, na Modestus naye akacheka. Niliyaangalia meno yake. Nilikuwa nasubiri yafunikwe.

Yalifunikwa pale mwenyekiti wa igizo alipomfungua ng'ombe usiku, huku akijifundisha maneno atakayosema kesho mkutanoni. Kicheko kilikatika uwanja mzima. Ikaja sehemu ya jiwe. Kijana aliyecheza Matiasi hakupiga kelele, kama Matiasi mwenyewe ambavyo hakupiga siku ile. Ernesta mjane alisimama katikati ya watu akauliza, si kwa waigizaji, bali kwa Modestus, kama haya ni mchezo au ni habari. Modestus alisimama, akasema wakimbizi wanakula chakula chetu kisha wanatutukana, na kwamba igizo lisimamishwe. Hapo ndipo Febronia aliposema. Hakuinua sauti. Alisema ng'ombe alilala nyuma ya jiko lao siku nzima, akafunikwa majani ya migomba, na kwamba tangu masika yale amekuwa akipokea komunyo na jambo hilo mdomoni, na leo amechoka kulitafuna.

Walioinuka wa kwanza kumshika Modestus walikuwa walewale waliomshika Matiasi. Ningekudanganya nikisema niliogopa. Moyo wangu ulipiga ngoma. Walimburuta hadi kwenye mti, wakatafuta jiwe, wakampata na Matiasi kwenye umati, wakamwekea rungu mkononi wakimwambia haki yake ni kuanza. Nikajisemea, piga. Dada, nilisema kwa sauti. Nadhani kipaza sauti kilikuwa wazi, maana watu waligeuka.

Matiasi alilitazama lile rungu. Aliwaambia: "Mlinipiga bila kuuliza. Mkimpiga huyu, kesho mtasema tumelipana, yameisha. Hayajaisha. Mpelekeni Ngara akaulizwe." Akaliweka chini. Walianza kubishana, wengine wakimwita mwoga, na katika kubishana huko Modestus aliponyoka kwa nyuma ya vyoo vya shule, akaacha kofia. Jioni hiyohiyo kijiji kilimvua uenyekiti. Shauri limefunguliwa, Febronia ametoa maelezo, na inasemekana mtuhumiwa hajulikani alipo.

Matiasi ameanza kucheka tena. Watu wanamsalimia kwa jina lake, si kwa lile jingine walilompachika. Wazee walikuja na pombe ya ndizi kumwomba radhi, akanywa nao. Ananiambia yeye ameshiba. Huenda yeye ameshiba. Mimi nilikaa mezani nikaona sahani inaondolewa kabla sijanawa.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikikwepa tangu mwanzo.

Secilia, yule anayepeleka dagaa kwenye masoko ya Biharamulo, alipita kwenu wiki iliyopita. Alimwona mwanamume akianika mihogo uani kwako, kichwa wazi. Secilia alimsalimia, naye mwanamume akakohoa mara mbili ndipo akaitikia. Najua yuko kwako, dada. Najua analala chumba cha watoto, anakula ugali uliousonga kwa mkono wako ambao ni damu moja na mkono wa Matiasi. Na najua katika miaka yote ya ndoa yako hujawahi kuniuliza habari za ngoma. Mtu anayetaka kujua igizo litapita wapi na siku gani si wewe. Ni yule anayetaka siku hiyo awe mahali pengine.

Ndiyo maana nimekuandikia siku zote hizo kwa ukweli, ila moja sikuitaja mahali pake. Jumamosi igizo haliko Nyakanazi wala Biharamulo mjini. Liko Bisibo, uwanja wa soko, saa nane mchana. Niliomba mimi. Niragira amepata kibali cha kundi zima. Na Matiasi, ambaye hataki kumpiga mtu, amekubali kitu kimoja tu: kucheza nafasi yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Polisi sijawaambia alipo. Watajua Jumamosi jioni. Kwanza nataka wa Bisibo wamwone, kisha akihamia Nyakanazi wamwone wa Nyakanazi. Popote atakapotua mzigo wake, tutatandika jukwaa.

Sikulaumu kwa kuolewa na kaka yake. Ukoo wa mume ni ukoo wa mume, na shemeji Desderius ni mtu mwema aliyebanwa. Lakini uamuzi ni wenu, na muda upo. Mleteni mkae naye mbele, aone. Akiondoka kabla ya Jumamosi nitajua aliambiwa na nani, maana barua hii sijamwonyesha mwingine. Niragira ananiuliza kama igizo halina upungufu wa wanawake. Nimemwambia huenda tukaongeza mmoja: dada anayemlisha mwizi na kumwandikia barua ndugu wa aliyeibiwa mkono. Maneno yake ninayo tayari. Jina sijampa.

Mama anakusalimu sana, hajui lolote kati ya haya na wala asijue. Anasema ukipata mbegu nzuri za maharage umtunzie. Wabusu watoto, umpe shemeji heshima zangu. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata sasa,

Speciosa